Wasee wa Gemu za Vita, Kabla Murushe Dadu Pandeni Kasigau Kwanza

Kila mbogi ina ule msee mmoja. Anaeza kukaa mezani masaa sita akisukuma vipande vidogo vya kadibodi juu ya ramani, jasho linamtoka ni kama amekimbia, halafu anakushow jeshi lake limekosa chakula. Kama huyo msee ni wewe, karibu, hii story ni yako. Na kama wewe ni wa ile mbogi ya viatu vya kupanda milima kila wikendi, pia usihepe. Hizi hobi mbili ni ndugu wa tumbo moja, na kuna mahali hapa Kenya zinakutana vizuri kuliko vitabuni.

Hapo mahali panaitwa Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, Taita Taveta. Sikiza vizuri, ni Rukanga, si Rukinga. Rukinga ni ile ranchi ya wanyama upande wa Maungu, inajulikana sana kwa biashara ya hewa ya ukaa. Ukichanganya hayo majina mawili kwa stage, shauri yako.

Sasa tuanze mwanzo, ndio hata yule hajawahi kugusa dadu asiachwe nyuma.

Gemu ya vita ni nini hasa?

Usifikirie mambo ya simu na bunduki za kelele. Hapa tunaongea gemu za mezani. Kuna ramani, kuna vipande vinavyosimamia vikosi, kuna dadu, na kuna kitabu cha sheria ambacho kinaeza kuwa kirefu kuliko katiba ya chama.

Wajerumani wa Prussia ndio walianza kuchukulia hii kitu siriasi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa jeshi lao, Georg von Reisswitz, alitoa gemu iliyoitwa Kriegsspiel. Maafisa waliitumia kufanya mazoezi ya vita bila kuua mtu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu kinaitwa Little Wars, cha kucheza vita na wanajeshi wa kuchezea sebuleni. Cheki huo mwaka tena. Miezi kadhaa baadaye vita kubwa ya dunia ikaanza, na hiyo haikuwa ya sebuleni.

Zile za kununua na boksi zilishika moto Marekani miaka ya 1950, wakati Charles Roberts alitoa gemu inaitwa Tactics mwaka 1954 kisha akajenga kampuni ya Avalon Hill. Ramani nyingi za hizi gemu zimegawanywa kwa vyumba vya pembe sita, ni kama sega la nyuki. Kila kikosi kina nguvu zake za kupigana na nguvu zake za kutembea. Barabara inakula nguvu kidogo. Kichaka kinakula zaidi. Mlima ndio unakumaliza.

Na usiseme ni vitu za wazungu. Chesi yenyewe ilitoka India ikiwa na askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kazi yako ni kula za mwenzako mpaka abaki hana la kufanya. Wazee wa Pwani wamekuwa wakichapana vita mezani kitambo sana.

Mbona Rukanga?

Juu hapa vita ya ukweli ilipita, na hatukuambiwa vizuri shuleni.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Kenya ilikuwa ya Waingereza na Tanganyika ya Wajerumani. Mpaka ulikuwa palepale ulipo sai. Agosti 1914 Wajerumani wakavuka na kuchukua Taveta. Lakini Taveta haikuwa mwisho wa hesabu yao. Walichokuwa wanakitaka ni reli ya Mombasa kwenda Uganda, ile inayopita Voi. Ukikata reli, umekata koo la Waingereza.

Sasa weka hiyo picha mezani. Wewe ndio mchezaji wa upande wa Wajerumani. Uko mpakani. Reli iko ng'ambo ya nyika kavu ya Tsavo. Unatuma vijana wachache na baruti, watembee siku kadhaa kichakani, walipue reli, warudi. Kwa ramani ni vidole vitatu tu. Kwa miguu ni ngori, juu katikati hakuna maji. Adui wao wa kwanza kwa hiyo safari alikuwa kiu, kabla hata ya kukutana na Mwingereza.

Halafu katikati ya huo ukavu kuna mlima mmoja umesimama peke yake. Kasigau. Urefu wake ni mita 1,641 kutoka usawa wa bahari. Juu kuna msitu unaonasa ukungu, na huo ukungu ndio unaleta vijito. Mpaka leo vijiji vya chini, Rukanga ikiwemo, vinategemea maji kutoka huko juu.

Umeshaona form? Mwenye kushika Kasigau ana maji karibu na reli, na ana macho ya kuona nyika yote. Ndio maana mwaka 1915 Wajerumani walivamia kituo cha Waingereza hapo, na baadaye mwaka huohuo wakaushika mlima wenyewe. Kwa ramani ya gemu, Kasigau ni alama ndogo unaeza kuifunika na kifuniko cha soda. Simama Rukanga uangalie juu, ndio utajua mbona watu walikufa kwa ajili yake.

Salaita: siku ramani ilidanganya wakubwa

Ukitoka Voi ukifuata barabara ya Taveta unapita Mwatate, Maktau, Mbuyuni, halafu karibu na Taveta unakutana na kilima cha Salaita. Si kirefu. Mtu wa mazoezi anakipanda bila kulia. Lakini Februari 12, 1916 kilima hicho kilifundisha watu adabu.

Waingereza walikuja na karibu wanajeshi 6,000, wengi wakiwa wageni kutoka Afrika Kusini. Makisio yao yalisema huko mbele kuna maadui mia chache tu. Walikuwa zaidi ya 1,000. Mizinga ikapiga kilele cha kilima vizuri sana. Shida moja: Wajerumani na askari wao Waafrika hawakuwa kileleni. Walikuwa wamechimba mahandaki chini, kwenye miguu ya kilima, ndani ya vichaka. Mizinga ilipiga mawe. Wanajeshi walipokaribia wakidhani kazi imeisha, wakapokelewa na bunduki za rashasha. Kufikia jioni karibu watu 170 wa upande wa Waingereza walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wamepotea, na jeshi lote likarudi lilikotoka.

Kabla mwezi huo kuisha Jenerali Jan Smuts alichukua usukani. Hakurudia kugonga mlango wa mbele. Alizunguka upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita wenyewe juu wangezingirwa. Kisha Machi 11 na 12 wakapigana tena usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na mpaka.

Hapa ndio somo la mchezaji liko. Kwa gemu nyingi, "kilima" ni rangi ya kahawia na alama ya kuongeza ulinzi. Unaweka kikosi chako juu kabisa unajiona mjanja. Ukitembea Salaita unagundua kilele ni mahali pabaya pa kujificha, na kichaka cha chini ni mahali pazuri pa kuua. Hakuna kitabu cha sheria kinakuonyesha hiyo kitu vile goti lako litakuonyesha.

Hesabu ya mzigo

Wachezaji wengi wanapenda bunduki na kuchukia sheria za chakula. Lakini vita ya Afrika Mashariki ilikuwa vita ya mzigo. Magari yalikuwa machache, na farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni bega la mtu.

Tufanye hesabu ya mfano, ya darasa la sita tu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Kila siku anakula kilo moja, juu pia yeye ni mtu. Anatembea siku 10 kufika kwa jeshi na siku 10 kurudi. Amekula kilo 20. Amefikisha kilo 5. Hizo zinalisha askari mmoja siku tano.

Endelea. Huyo mpagazi anamaliza siku 20 barabarani. Askari anahitaji mzigo mpya kila siku tano. Kwa hivyo unahitaji wapagazi wanne wakizunguka bila kupumzika ndio askari mmoja ale. Bado hujabeba risasi, dawa, wala hema la afisa. Ukisukuma jeshi mbali zaidi, ifike siku 13, mpagazi anakula mzigo wote na hafikishi kitu.

Hiyo ndio sababu wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji. Waliandikishwa, wengi kwa nguvu, kutoka kila pembe ya Kenya na nchi jirani. Makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kutoka hapo ndio tumepata jina Kariakor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar. Unashuka matatu hapo kila siku ukinunua viatu, kumbe jina lenyewe ni kaburi.

Ukipita Voi, kuna makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri. Mmoja aliyelala hapo ni Luteni Dartnell, Mwaustralia aliyekataa kuwaacha majeruhi karibu na Maktau Septemba 1915, akauawa nao, na akapewa nishani kubwa kabisa ya Waingereza. Anastahili heshima yake. Lakini jiulize swali moja ukiwa hapo: wapagazi wako wapi? Wengi wao hawana jiwe wala jina.

Watu wasiokuwa kwenye boksi

Sasa tufike kwa kitu ambacho ukikisahau, safari yako ya Rukanga itakuwa ya picha tu.

Waingereza walipovamiwa pale Kasigau waliwashuku wenyeji kwamba ndio waliwaonyesha Wajerumani njia. Mwaka 1915 wakachoma nyumba na kuwahamisha Wakasigau kwa nguvu mpaka Malindi. Fikiria mtu wa mlimani, amezoea hewa baridi na maji ya kijito, anatupwa kwenye joto la pwani na mbu wake. Wengi walikufa huko. Vita ilipoisha mwaka 1918 hawakufunguliwa mlango warudi nyumbani kesho yake. Ilichukua miaka mingi ndio waruhusiwe kurudi kwenye mlima wao.

Hawa watu hawakuwa na jeshi. Hawakuchora huo mpaka. Wazungu wawili walikuwa wanagombana na mlima wa mtu wa tatu ukawa katikati.

Sasa fungua boksi la gemu ya vita. Utapata vikosi, majenerali, pengine hata kipande cha hali ya hewa. Tafuta kipande cha kijiji kilichochomwa. Mara nyingi hakipo. Si ati waliotengeneza ni watu wabaya. Ni vile gemu inauliza swali moja tu, nani alishinda, na wenyeji wa Rukanga hawakuwa kwenye hiyo orodha kutoka mwanzo.

Usiache kucheza kwa sababu hiyo. Cheza ukijua nini kimeachwa nje. Na njia rahisi ya kujua ni kwenda, kupanda, na kukaa na mzee wa pale akuambie.

Vile utapanga safari

Ukitoka Nairobi, treni ya Madaraka ile inayosimama vituo vya kati inakushusha Voi. Basi la Mombasa pia linakufikisha. Kituo chako cha kuingilia Kasigau ni Maungu, mbele ya Voi ukienda upande wa Mombasa. Hapo unaacha lami, unashika barabara ya vumbi ya Buguta mpaka Rukanga. Magari hayapiti kila dakika kama Thika Road, kwa hivyo fika Maungu asubuhi. Usipange kuingia usiku. Huku ni katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hana habari na haraka yako.

Lala kwa mabanda ya wenyeji yaliyo kwenye vijiji vya kuzunguka mlima, pesa ibaki hapohapo. Chukua kiongozi wa kijiji. Hii si ushauri wa kujifurahisha, ni lazima: kutoka chini mpaka kileleni ni kama mita 1,000 za kupanda, njia zinagawanyika msituni, na ukungu ukishuka hata simu yako haitajua wewe ni nani. Anza kabla jua kuchomoza. Beba maji si chini ya lita tatu. Vaa suruali ndefu, juu miiba ya huko haichagui. Kuna sehemu za msitu ambazo kwa Wataita si za kuingia ovyo, kwa hivyo uliza kwanza na ukikatazwa, usibishane.

Ukishuka, watafute akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge. Nunua kimoja, na usianze kulia bei ni kama hujui kazi ya mikono.

Kama una siku ya pili, shika barabara ya Taveta uone Maktau na Salaita. Na kama unataka kusoma kabla ya kwenda, kuna kitabu cha James Willson, Guerrillas of Tsavo, kinachoeleza vita ya eneo hili.

Jioni, tengenezeni gemu yenu

Huhitaji kuagiza boksi kutoka ng'ambo. Chukua karatasi ya manila, kalamu, vifuniko vya soda, dadu moja na maharagwe.

Chora Taveta, Salaita, Maktau, Mwatate, Voi, Maungu na Kasigau. Ziunganishe na mistari, na kila siku moja ya kutembea iwe duara moja. Reli ichorwe nyekundu. Duara lenye maji lipake buluu, na Kasigau iwe buluu.

Mjerumani ana vifuniko sita, Mwingereza kumi na mbili. Vya Mjerumani vinageuzwa chini, na viwili kati yake ni vya uongo, ndio Mwingereza apigwe chenga kama pale Salaita. Kifuniko kikikaa zamu mbili bila kugusa buluu, kimekufa na kiu. Vikikutana, kila mtu arushe dadu, na aliyejificha kichakani aongeze moja. Mjerumani akifikia reli mara tatu ndani ya zamu kumi na mbili, ameshinda.

Sasa sheria ya maharagwe. Kila kifuniko kikisonga, kinasonga na harage moja, huyo ni mpagazi. Ukimaliza zamu kwenye duara lisilo na maji, harage linaenda kwenye bakuli katikati ya meza, na unachukua lingine kutoka kwa rundo la kijiji. Kila mara jeshi lolote likiingia Kasigau, toa maharagwe matano kutoka hilo rundo, weka kwa bakuli. Hao ni waliopelekwa Malindi.

Mchezo ukiisha, kabla ya mshindi kuanza kelele, hesabuni maharagwe kwa sauti. Mtaona vile meza inanyamaza.

Na mashindano?

Ukishaonja hii kitu utataka kusafiri kucheza na watu usiowajua. Ya karibu na ya asili yetu ni Lamu. Tamasha la utamaduni la kule, ambalo mara nyingi huwa Novemba, lina mashindano ya bao pamoja na mbio za punda na za majahazi. Kutoka Mombasa unapanda basi mpaka Mokowe, kisha boti. Ukikaa mbele ya mzee wa Lamu, amkia "shikamoo" kwanza na ufunge mdomo. Atakula kete zako huku akiongea habari za samaki.

Upande wa chesi, mashindano ya wazi hufanyika miji mbalimbali Kenya, na hayo hayahitaji uwe bingwa kuingia. Na kwa wale wa boksi zenye pembe sita, ndoto kubwa iko Marekani, jimbo la Pennsylvania, ambako kuna World Boardgaming Championships, yaliyoanza kwa jina hilo mwaka 1999. Hiyo ni viza, tiketi na kuomoka kwanza. Lakini ukifika huko na mtu akufungulie ramani ya Afrika Mashariki 1916, utakuwa na kitu ambacho wengi wa kwa hiyo meza hawana.

Wao watajua nambari ya kila kikosi. Wewe utajua kutoka Rukanga mpaka juu kunachukua asubuhi nzima, maji yako wapi, na ni kijiji cha nani kiko chini ya kile kipande wanachosukuma.